Nafuata Ametangulia

Marehemu alizaliwa Ijumaa, tarehe 9 Machi 1979, saa nne asubuhi, wiki mbili baada ya siku aliyotarajiwa. Mkunga alikuwa ameshafungasha vitu vyake na kuondoka mara mbili. Dada yake mkubwa, ambaye ni fundi wa milango na ndiye anayesoma wasifu huu, alikuwa na miaka sita, na anakumbuka alivyochoka kumsubiri kabla hata hajamwona. Kumbe huo ulikuwa mwanzo tu.

Alisoma shule ya msingi iliyokuwa nyuma ya karakana ya baba yake, kuanzia 1986 hadi 1992, kisha sekondari hadi 1998. Kila asubuhi kaka na dada yake walisimama mlangoni na mikoba mgongoni, naye bado yuko uani anamtafutia mtoto wa jirani kiatu. "Tangulieni, nafuata," alisema. Walitangulia, wakafika, wakapanga mstari, wakaimba, yeye hajatokea. Jina la Nafuata likamganda hadi mwalimu mkuu akaliandika kwenye kitabu cha mahudhurio. Siku ya picha ya darasa alimpa mwenzake shati lake, akapigwa picha na fulana yenye tundu. Picha hiyo iko ukurasa wa nyuma wa ratiba mliyoshika. Mama yake alishika tama siku nzima.

Mwaka 2003 aliajiriwa katika studio ya katuni iliyokuwa ghorofani, juu ya duka la vitambaa, chumba ambacho kuta zake zilizibwa kwa magodoro ili sauti za mtaani zisiingie. Alianza kwa kuchora nyota, maana hakuna mwingine aliyekubali kuchora nyota kutwa. Baadaye akawa mtunzi wa "Watoto wa Chombo Tisa", hadithi ya watoto wanne waliopotea angani, na yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa sauti ya Spana, roboti aliyekitengeneza chombo kila kilipoharibika.

Alifunga ndoa tarehe 20 Septemba 2008 na mshonaji wa duka lile la chini. Alichelewa harusi yake mwenyewe kwa saa moja na nusu. Gari la bwana harusi alikuwa amelitoa limpeleke jirani aliyeshikwa na uchungu wa kujifungua, naye akaja kwa miguu, viatu mkononi, anatabasamu. Bibi harusi alimpokea. Dada yake hakumsemesha mpaka keki ilipokatwa. Mwaka 2012 walipata binti mmoja.

Sasa tufike kwenye ule mlango. Katika sehemu ya arobaini, iliyoonyeshwa mwaka 2019, chumba cha injini kilishika moto, na mlango wa chumba cha kukimbilia ulifungika kwa nje tu, upande wa angani. Spana akawaambia watoto, "Tangulieni, nafuata." Akabaki nje, akaufunga. Hakufuata. Jumamosi ile watoto walilia nyumba kwa nyumba, na simu za studio ziliita mpaka katibu akaziondoa waya. Mkuu wa studio alimsihi amrudishe Spana wiki inayofuata, aseme alinasa kwenye kimondo, aseme lolote. Marehemu alikataa katakata. "Akirudi wiki ijayo, basi hakutoa kitu," alisema. "Atakuwa alitoka kupunga hewa tu." Binti yake, akiwa na miaka saba, alimnunia wiki mbili. Alimuuliza swali moja: kwa nini hakuna aliyemsaidia?

Dada yake naye alikuwa na lake. Miaka ishirini na mitano anatengeneza milango, hajawahi kuona fundi anayeweka mlango unaofungwa kwa nje peke yake. Jumapili iliyofuata alichukua kipande cha msasa, akachora nyuma yake komeo la pande mbili, akamwekea mdogo wake mbele ya sahani. Alimwambia mtu asife kwa kukosa komeo, huo ni uzembe, si ushujaa. Marehemu alicheka, akaukunja msasa, akautia mfukoni.

Februari 2023 tumbo lilianza kumuuma. Hakumwambia mtu ukweli. Zilikuwa zimebaki sehemu sita za mwisho, na zisipokamilika wenzake tisa wangekosa kazi. Mkewe alipomuuliza, alisema ni vidonda vya tumbo. Dada yake alimfuata na teksi mara tatu ampeleke hospitali, na mara tatu marehemu alipitia ngazi za nyuma. Alikwenda hospitali tarehe 22 Mei, siku moja baada ya neno la mwisho kurekodiwa. Daktari alisema kwamba angefika Februari wangekuwa na la kufanya. Familia ilimwomba dada aifute sentensi hiyo. Hakuifuta. Amekasirika, na anaisoma akiwa amekasirika.

Alifariki Jumatano, tarehe 14 Juni 2023, saa tisa alasiri, wodi namba tatu, kitanda cha karibu na choo, kwa sababu cha dirishani alimwachia mgonjwa mwenzake. Muda wa kutazama wagonjwa ulipokwisha alimtazama mkewe na dada yake, akawaambia watangulie nyumbani. Dada akamjibu, "Leo hatutangulii kokote." Mkewe akamshika mkono. Safari hii akatangulia yeye.

Jumamosi iliyopita sehemu ya mwisho ilionyeshwa. Dada aliitazama shingo upande, binti wa marehemu kando yake. Watoto wa Chombo Tisa walirudi kwenye mlango uleule, na moto uleule ukawaka. Mmoja akasema atabaki nje. Mdogo wao akamvuta shati, akatoa mfukoni kipande cha msasa chenye mchoro. Wakatengeneza komeo, wakalifunga kwa ndani, wote wanne. Spana hakurudi.

"Shangazi," binti akasema, "si hilo ni komeo lako?"

Dada akamjibu kwamba ni lake, na kwamba bawaba wamezichora juu chini. Mtu huyu alisikia kila neno, akawatengenezea watoto wa watu mlango mzuri, yeye mwenyewe akabaki nje.

Marehemu ameacha mama, mke, binti, kaka mmoja na dada mmoja. Jeneza hili dada ndiye aliyelitengeneza. Kwa ndani ameweka komeo. Waliomuuliza ni la kazi gani aliwaambia kwamba yeye hatengenezi mlango wa kufungwa kwa nje tu.

Pumzika kwa amani, Nafuata. Umetangulia, sisi tunafuata, na hatuna haraka. Zamu hii wewe ndiye utakayesubiri.