Shangazi Consorcia na Ngazi ya Duka la Mkate

Wamekuja na mkate! Jamani, wamekuja! Tangu mkesha wa kwanza nyumba yetu hapa mtaani Jaro, Iloilo, inanukia mkate kuliko maua, na hilo ndilo jambo zuri kuliko yote tangu Shangazi atuache. Baba kasema wasifu huu nianze na kuzaliwa kwake. Haya.

Marehemu Consorcia Gellada alizaliwa Guimbal tarehe 4 Mei 1962, mtoto wa nne wa Babu Crispulo na Bibi Remedios. Alisoma palepale, kisha akaja Iloilo chuoni kusomea saikolojia. Alimaliza 1983, akawa mshauri wa wanafunzi wa sekondari.

Mwaka 1988 aliolewa na Eleuterio, fundi redio. Hawakujaliwa mtoto. Mumewe aliugua huzuni, ile isiyoonekana. Kliniki ilikuwepo, ila kila akifika getini anageuka na kumwambia Shangazi: "Siyong, majirani wataniona." Mwaka 1996 alijiua. Shangazi hakutaka tulifiche, kwa hiyo na leo hatulifichi.

Ndiyo maana 1998, alipoacha kazi ya shule akaanza ushauri wa kujitegemea, alikataa chumba chenye kibao barabarani. Alipanga juu ya duka la mkate la Nong Usting, yaani Kaka Usting. Ngazi inapita ndani ya duka. Ukitoka na mfuko wako, nani atajua ulipanda kulia shida zako au ulifuata mkate?

Nong Usting alikuwa akimtania, "Nang, dada yangu, watu wako wananenepa!"

"Waache wanenepe. Walikuja wamekondeshwa na mawazo."

Jumamosi walipanda washauri wenzake, maana mshauri naye lazima awe na mtu wa kumsikiliza na kumwambia alipokosea. Jovelyn, mshauri wa hospitali, anasema siku ya kwanza alijitetea, "Sina shida, Nang, nimechoka tu."

"Uchovu huo wako au wa mgonjwa wako? Kaa chini."

Alilia mpaka duka likafungwa.

Novemba 2022 saratani ya kongosho ikamshika Shangazi. Ilimtesa vibaya, mwisho hata maji hayakupita. Ila kilichomliza si maumivu. Alinishika mkono: "Watu wangu watanililia wapi? Wakija, mtaa utasema, kumbe na huyu alikuwa akipanda!"

Nikamwambia, "Si waje na mkate!"

Akanitazama weee. "Basi kila mtu aje nao. Hata jirani Manang Pacing anayefuata umbea tu."

Alifariki Jumamosi, 11 Machi 2023. Manang Pacing amekuja na mifuko miwili.

Ameacha kaka yake Florencio, ambaye ni baba yangu, dada yake Tarcila, wapwa sita, washauri wake wa Jumamosi, na watu ambao hatuwataji. Pumzika, Shangazi. Zamu yako ya kusikiliza imeisha.

Kuna ambao bado wanaogopa kuja. Sala ya siku ya arobaini ni tarehe 19 Aprili. Kila mtu aje na mkate, na hakuna atakayeulizwa alimjuaje. Tafadhali mwambie na mwenzako.