Rangel Asife Sehemu ya Sita

Benchi letu liko kati ya kibanda changu cha kahawa na mti tunaobandika matangazo ya vifo. Mtu akifa hubandikwa pale, picha yake, jina na miaka. Hubandikwa tena akitimiza siku arobaini, nusu mwaka, mwaka, na kuendelea mpaka ndugu wachoke au nao wabandikwe. Mti una pini nyingi kuliko majani. Mimi ni Tsonka, nauza kahawa ya mashine kwenye vikombe vya karatasi, na wateja wangu wa asubuhi ni wazee watatu wenye muda mwingi kuliko akili. Kuna Metodi, aliyefundisha fizikia hadi wanafunzi wakaisha mtaani, naye huitwa Fizikia. Kuna Asparuh, tunayemwita Daktari kwa sababu alitibu ng'ombe wa serikali maisha yake yote na bado hajakubali kwamba sisi si ng'ombe. Na kuna Zahari, ambaye moyo wake uligoma juu ya meza ya upasuaji kisha ukabadili mawazo. Yeye ndiye Sehemu ya Pili, na jina hilo alilipata kutokana na zile filamu.

Filamu zenyewe zilizaliwa hapahapa, chini ya mlima, pembeni mwa jiji la Sofia. Wageni walikuja kupiga filamu ya vita, mkubwa wao akauona mti wetu, akasimama mdomo wazi. Mwaka uliofuata wakarudi na filamu ya kutisha: mtu anaamka anakuta tangazo la kifo chake mlangoni, akilichana anapona, lakini tangazo humfuata hadi sehemu inayofuata, na safari hiyo anakufa vibaya kuliko alivyokuwa amepangiwa. Huko kwao watu wakaipenda kupita kiasi. Katika sehemu nne za kwanza, kila aliyechomwa, aliyezamishwa na aliyerushwa dirishani alikuwa kijana wetu mmoja, Rangel, mtoto wa fundi bomba, bai Radko, na bai kwetu ni kama kusema mzee. Kazi yake ilikuwa kufa kwa niaba ya watu wenye sura nzuri. Sehemu ya tano wakampa sura yake mwenyewe, wakampiga picha amevaa suti, wakabandika matangazo ya uongo ya kifo chake mtaa mzima, wakamwangusha kutoka mnara wa kanisa, wakafungasha vitu vyao wakaondoka. Matangazo wakayaacha.

Mwezi haujaisha, Rangel akateleza na pikipiki kwenye mvua, barabara kubwa ya kuzunguka jiji, akienda kumnunulia baba yake betri za redio. Akafa kweli. Bai Radko akatafuta picha ya kubandika, na picha nzuri aliyokuwa nayo ilikuwa ileile ya suti. Akaibandika. Watu wakapita mbele ya mti wakicheka, wengine wakapiga saluti. Kaburini tulikuwa mimi, yeye, padri na wachimbaji.

Jana ilitimia miaka miwili tangu afe. Bai Radko alikuja asubuhi na sahani ya ngano ya kuchemsha yenye sukari, ile ya kuwakumbuka wafu, na karatasi zimekunjwa kwapani. Akamgawia kila mmoja kijiko.

— Kwa Rangel.

— Mungu amsamehe, wakajibu wote, wakala huku wakiangalia chini. Tangu ule msiba huwa wanakula ngano ya Radko kama watoto waliokemewa.

— Hizo karatasi ni tangazo la mwaka huu? Fizikia akauliza.

— Ndiyo. Ila kwanza nina neno. Wale wageni wamenipigia simu. Wanatengeneza ya sita. Wanataka kumrudisha Rangel.

— Kumrudisha kutoka wapi, bai Radko? Daktari akasema. Si tumem... si amezikwa?

— Wana sura yake kwenye kompyuta. Wanasema atatembea, atasema, atavaa suti ileile. Bila mimi kukubali hawaruhusiwi. Kuna binti wao anakuja kuchukua jibu saa nne hii.

— Na wewe unasemaje?

— Ningekuwa najua ningekuja kukaa na nyie?

Nikafunga mvuke wa mashine ili nisikie vizuri. Ngano ilimwagikia bai Radko kwenye goti, hakuifuta.

— Kisayansi hakuna shida, Fizikia akaanza, maana huyo ukimpa nafasi hata kwenye choo cha kulipia atatoa somo. Mwanga uliomgusa Rangel ukaingia kwenye kamera, mwingine ulipita pembeni. Ule uliopita pembeni bado unasafiri. Mtu akikaa kwenye nyota na darubini, sasa hivi anamwona Rangel anatembea hapa na jaketi lake.

— Mvua ilikuwa inanyesha siku zote, Daktari akamkata. Mwanga gani umetoka hapa? Hapa hata sisi wenyewe hatuonani vizuri.

— Wewe nenda kawachome sindano ndama.

— Ndama wangu walikuwa wananisikiliza!

— Tulieni, akasema Sehemu ya Pili, akaweka kikombe chini taratibu, na mimi nikajua sasa inakuja ile hadithi. Hapa anayekijua kifo ni mmoja, akaendelea. Nimekwenda, nimerudi. Hakuna handaki, hakuna mwanga. Kuna korido kama ya ofisi ya serikali, na kuna mtu dirishani anasinzia. Ukipita bila kugonga, hakuoni. Mimi nilipita nikarudi, yeye kichwa chini.

— Mwaka jana ulisema ni mwanamke na anasuka sweta.

— Wanapokezana.

Hata bai Radko alikaribia kutabasamu. Daktari akaona nafasi.

— Sawa, kompyuta inaweza. Ila tatizo ni moja. Sehemu ya tano alikufa! Alidondoka mnarani, tulimwona sote, kichwa kile pale, mguu kule. Katika zile filamu anayerudi ni yule aliyepona. Sasa watamleta kwa mlango gani?

— Pacha, akasema Sehemu ya Pili.

— Pacha katoka wapi?

— Alikuwa ameuzwa utotoni. Kila familia ina pacha aliyeuzwa, hawasemi tu.

— Marehemu mke wangu alizaa mmoja, bai Radko akasema. Nilikuwepo.

— Ulikuwepo nje, koridoni, na chupa! Unajuaje?

— Hakuna haja ya pacha, Fizikia akasema. Aliyedondoka mnarani alikuwa ni tangazo lake. Yaani karatasi ndiyo iliyokufa. Yeye alikuwa chini, anatazama.

— Aisee, hiyo nzuri, Daktari akakubali, na si kawaida yake. Lakini mimi naona hivi. Nyie hebu fikirini. Kifo kilikuja kumchukua Rangel mara ya kwanza, kikamkuta anaungua, jina lake polisi. Kikasema, huyu si wangu. Mara ya pili anazama, jina lake padri. Ya tatu sijui nani, ya nne mhasibu. Mwishowe kikachoka! Kikazoea kumwona chini amelala. Kikawa kinampita, kinasema, huyo yuko kazini.

— Enhe! Sehemu ya Pili akapiga goti. Ndiyo maana alikuwa haumii! Mara ngapi alirushwa dirishani? Hata mkwaruzo!

— Alivunjika mbavu, nikasema mimi kutoka dirishani kwangu. Alikuwa anakuja hapa anakunywa kahawa amesimama kwa sababu kukaa kunamuuma. Nyie mlikuwa mnamwita Malaya wa Kifo.

— Tsonka, sisi tunaongea mambo ya juu, wewe unaleta mbavu.

— Basi kile cha pikipiki kilitokeaje? Fizikia akamuuliza Daktari. Kama kilikuwa kinampita, mbona siku ile hakikumpita?

Daktari alikuwa amekolea. Mtu akikolea haoni shimo.

— Kilikosea! Kilimwona chini, barabarani, mvua, damu. Kikadhani ni filamu. Kikaja karibu kutazama, kama mtazamaji tu, na kwa bahati mbaya...

— Kama nyie, bai Radko akasema.

Hakupaza sauti. Afadhali angepaza.

— Kilidhani ni filamu, akarudia. Kikaja, kikatazama, kikacheka, kikaenda zake. Kama nyie.

Magari yalipita. Sehemu ya Pili akachukua kikombe kilichokuwa kitupu, akakinywa. Mimi nilitamani kuwaonea huruma nikashindwa, maana namkumbuka bai Radko akishika kamba ya jeneza peke yake upande mmoja na padri upande wa pili, mchimbaji mmoja akizima sigara aje kusaidia.

— Bai Radko, Fizikia akasema kwa sauti ya chini. Ile picha. Ilikuwa ileile. Suti ileile. Tungejuaje?

— Mngekuja kunigongea. Mlango uko palepale.

— Tuliona aibu kugonga. Tukasema, tukigonga na Rangel mwenyewe akafungua, tutaonekana wajinga.

— Basi hamkuonekana wajinga.

Daktari akatoa leso, akapenga kamasi kwa kelele nyingi. Bai Radko akasema kile alichokuja nacho.

— Mimi nataka kitu kimoja. Sitaki afe tena. Nimemwona akiungua, nimemwona akizama, nimemtambua pale chumba cha maiti. Inatosha. Wakisema sehemu ya sita anapona, nakubali. Hata kama ni kompyuta. Nitakwenda kukaa gizani na watu, na atapona mbele za watu. Wakisema anakufa, wamwache.

Hapo ndipo nilipowapenda tena wale wazee watatu, kidogo tu. Maana walichangamka kama waliotolewa kifungoni.

— Apone kabisa! Sehemu ya Pili akasimama. Asipone kwa wasiwasi wasiwasi. Alichane tangazo, alichome, majivu ayamwage mtoni.

— Mtoni hapana, tangazo litarudi na samaki, Daktari akasema. Alile. Akishalila halina pa kutokea.

— Litatokea.

— Likitokea huko halisomeki!

— Halafu aoe, Fizikia akasema. Wawekee sharti hilo. Aoe, apate kitambi.

— Aje akae hapa na sisi!

— Nafasi ipo, Daktari akasema, akasogea, na kweli akaacha nafasi ya mtu mmoja kwenye benchi. Sehemu ya saba nzima iwe ni Rangel amekaa hapa, anakula mbegu za alizeti, na kifo kinamsubiri kule mtini mpaka kinapata mafua.

— Watu watalala, nikasema.

— Walale! Si ndiyo vizuri? Filamu ya kutisha ambayo watu wanalala salama.

Bai Radko alikuwa anatazama ile nafasi waliyoiacha. Macho yamejaa maji, na hakujificha.

Binti akafika na koti la njano, mwembamba, amebana kompyuta kifuani. Mtoto wa hapahapa Sofia, anafanya kazi na wageni, jina lake Yoana. Akasalimia vizuri, akampa bai Radko pole kwa mikono miwili, akala ngano, akasema Mungu amsamehe bila kufundishwa. Nikampa kahawa bila kusubiri aombe.

— Swali langu ni moja tu, mwanangu, bai Radko akamwambia. Anakufa?

— Hapana, baba, Yoana akasema. Hafi. Yeye ndiye wa kwanza kuliponyoka tangazo moja kwa moja. Mwisho wa filamu analichana mbele ya mlango, anakaa kwenye ngazi, anacheka. Basi. Filamu inaishia na yeye anacheka.

Sehemu ya Pili akampiga Fizikia mgongoni. Daktari akasema aisee, aisee. Bai Radko akafunga macho, akatikisa kichwa kukubali, mara nyingi.

— Ila kuna jambo naomba mnisaidie, Yoana akasema, akafungua kompyuta magotini. Tuna picha zake nyingi sana. Akiungua, akianguka, akipiga kelele, akiomba msamaha, akikata roho. Za kucheka hatuna hata moja. Kompyuta haiwezi kutunga kitu ambacho haikupewa, itatoa kicheko cha mtu mwingine. Nimeuliza wenzake, wanasema alikuwa mkimya. Mnayo video yoyote ya nyumbani?

— Simu yake ilipondeka barabarani, bai Radko akasema. Yangu ni ya kubonyeza.

— Basi nielezeni tu. Nitawaeleza mafundi. Alikuwa anacheka vipi?

Fizikia akafungua mdomo kwanza, bila shaka.

— Alikuwa... Alikuwa anacheka kama...

Akamtazama Daktari.

— Kwa kichwa nyuma, Daktari akasema. Au hapana. Yule wa kichwa nyuma alikuwa mjomba wake.

— Alikuwa anaziba mdomo, Sehemu ya Pili akasema. Siyo? Tsonka, wewe ulikuwa unamwona kila siku.

Wakanigeukia wote. Nilimwona kila siku, ni kweli. Najua alikuwa anaweka sukari mbili na hakorogi. Najua bega lipi lilikuwa linamuuma. Nikatafuta kicheko chake, nikatafuta, nikapata sukari tu.

Bai Radko alijaribu. Aliinua kidevu, akavuta pumzi, akatoa kitu kifuani, kikavu, kama mtu anayesafisha koo. Akasikiliza. Akatikisa kichwa kukataa.

— Hicho ni changu, akasema.

Yoana alikuwa bado anangoja, kidole juu ya kompyuta, hajui ameuliza nini.

— Cheko ninalolikumbuka mimi, bai Radko akasema, akiwatazama wale watatu mmoja mmoja, ni lenu. Pale mtini, asubuhi ile niliyombandika. Hilo nalikumbuka vizuri sana. Nikitaka naweza kulicheka hapa kama lilivyo.

Akamgeukia binti.

— Waambie wamwache, mwanangu. Wasimpe cha mtu mwingine.

Yoana akafunga kompyuta. Alikuwa analia waziwazi, na kahawa yake ikapoa haijaguswa. Bai Radko akainuka, akakunjua karatasi ya kwanza, na tukaiona: jina, miaka, na mahali pa picha palikuwa peupe. Picha nyingine alikuwa hajapata, na ya suti hakutaka tena. Akaibandika mtini kwa pini nne, akaipiga pasi kwa kiganja.

Wazee watatu wakaenda wakasimama nyuma yake, kofia mkononi, nami nikatoka kibandani nikasimama pembeni. Watu waliokuwa wanaenda kazini wakapita, wakatazama ile karatasi isiyo na uso, wakatutazama sisi, na safari hii hakuna aliyecheka.