Historia ya Marehemu Eliakim Mshila Mwadime, Aliyemfuata Sehewa Hadi Massachusetts

Wachungaji wetu, wazee mlio hapa Saint Paul na mnaotufuata kwa simu kutoka Wundanyi, majirani wa Maple Grove, na ninyi wauguzi mliotoka shifti ya usiku mkaja moja kwa moja bila kulala, poleni sana. Familia imenipa mimi Gilbert, mdogo wa marehemu, kazi ya kusoma historia hii, na kabla sijaanza nimeombwa nieleze jambo moja, kwamba wazee walipendekeza mahali pa ugonjwa pasomwe tu kuwa marehemu aliugua kwa muda mfupi, kama tunavyosoma siku zote, lakini mjane, Bernadetha, amekataa katakata. Tangu msiba huu utokee maneno yamezagaa kwamba Eliakim aliuawa na bahari, na kwamba mkewe, ambaye kazi yake ni kuwauguza watu wa moyo, alimwachia mgonjwa wa moyo akacheze na maji. Bernadetha ameyasikia, hajalala, na anachoogopa zaidi ni watoto wake kukua wakiamini hivyo. Kwa hiyo leo yatasomwa yote, mtuvumilie.

Marehemu Eliakim Mshila alizaliwa tarehe 14 Machi 1968 huko Wundanyi, Taita, akiwa mtoto wa pili wa marehemu Mzee Gregory Mwadime na Mama Wakesho, ambaye yupo, anatusikiliza sasa hivi, shikamoo Mama. Watu wakisikia mtu katoka upande wa Pwani hudhani amezaliwa akiogelea, kumbe kwetu ni milimani, kuna baridi na kabeji, na Eliakim aliiona bahari mara ya kwanza akiwa darasa la sita, kwaya ya shule ilipokwenda Mombasa, akaingia majini na viatu na soksi, akachapwa. Alisoma shule ya msingi karibu na nyumbani kuanzia mwaka 1975 hadi 1981, akaendelea na sekondari huko Voi hadi 1985, kisha mwaka 1987 akajiunga na chuo cha uuguzi Mombasa, akahitimu Novemba 1990.

Alifanya kazi Voi hadi Agosti 2001, alipohamia Minnesota na kuanza upya kabisa, akiwaogesha wazee katika nyumba moja ya kulelea wazee hapa mtaani Frogtown, huku akijiandaa kwa mitihani, mpaka mwaka 2004 alipopata leseni ya uuguzi na kuajiriwa katika hospitali ya hapa Saint Paul. Wodini walimjua kwa mambo mawili, hakuchelewa kazini na hakukataa dabo, akimaliza shifti moja akiombwa nyingine anasema sawa.

Katika kwaya ya kanisa hili alikutana na Bernadetha, mzaliwa wa Moshi, Tanzania, wakafunga ndoa tarehe 9 Julai 2005, na Mungu akawajalia watoto wawili, Noela, aliyezaliwa tarehe 3 Mei 2006, na Enock, aliyezaliwa tarehe 20 Januari 2009, ambaye anaelewa kila neno linalosomwa hapa ingawa ukimuuliza atakujibu kwa Kiingereza. Kwa miaka mingi baba alikuwa mchana na mama usiku, wakikutana mlangoni wakipeana ripoti, nani amekula, nani ana homa, kama wanavyokabidhiana wagonjwa, na Bernadetha husema ndoa yao ilidumu kwa sababu hawakuonana vya kutosha kugombana.

Sasa tufike kwenye samaki, maana wengine najua mnasubiri hapo. Mnamo Septemba 2014, Eric, muuguzi mwenzake aliyekulia pwani ya Massachusetts, alimwalika kwao, akamwonyesha samaki wa jamii ya jodari ambaye wenyeji humwita albakoa wa uongo, Eliakim akamtazama akasema huyu si mgeni, huyu ni ndugu wa sehewa wetu wa Mombasa. Hupita pale msimu wa vuli tu, akifukuza dagaa mpaka juu ya maji, ndege wanashuka, maji yanachemka, na kabla hujarusha ndoana amekwisha kwenda zake, na hata ukimpata wenyeji hawamli, wanasema ana damu nyingi, kwa hiyo unamrudisha majini. Shemeji zetu wa Moshi walipoelezwa kwamba mtu mzima, mzee wa kanisa, anaendesha gari siku mbili kumfuata samaki asiyeliwa, waliuliza kama kuna mtu anamwombea.

Yeye hakujali, alijiapiza kumpata kwa njia zote tatu, kutoka kwenye boti, kutoka kwenye kayaki, kile kimtumbwi cha mtu mmoja, na kutoka ufukweni, amesimama kwa miguu yake. Wa boti alimpata Oktoba 2016, kwenye boti dogo la Eric. Wa kayaki alimpata tarehe 27 Septemba 2019, baada ya kupinduka mwaka uliotangulia na kutolewa majini midomo ikiwa ya bluu, akisema maji yalikuwa mazuri. Wa ufukweni ndiye aliyemshinda, maana huyo humfuati, unasimama kwenye mawe ukimsubiri akufuate wewe, na kila vuli alirudi mikono mitupu akisema mwakani.

Bernadetha hajui kuogelea, hata beseni analiheshimu. Masharti yake yalikuwa Eliakim apige simu kabla ya kuingia majini na apige tena akitoka, na katikati ya simu hizo mbili mama wa watu hakuwa wa kufaa kwa lolote, aliunguza wali, alipitiliza kituo chake cha treni, alimgombeza Enock kwa makosa ya Noela. Kila mwaka alimwambia mumewe inatosha, na kila mwaka alimfungia chakula cha njiani.

Kuhusu ugonjwa. Mwaka 2023 miguu ya Eliakim ilianza kuvimba jioni na ngazi zikaanza kumchosha, naye, ambaye angemwona mgonjwa wa hivyo angemwita daktari mbio, kwake mwenyewe alisema ni dabo, ni kusimama sana. Bernadetha, ambaye kazini usiku kucha anabonyeza vifundo vya miguu ya watu asiowajua, hakubonyeza vya mumewe, kwa kuwa akirudi yeye mwenzake anatoka. Hilo ndilo kosa letu tunaovaa sare za hospitali, nyumba ina wauguzi wawili na kipimo cha presha kabatini, na hakuna anayempima mwenzake. Tarehe 30 Novemba 2023 alishindwa kupumua, akalazwa, akaambiwa misuli ya moyo imedhoofika sana, kazi basi, boti basi, kayaki basi. Alipouliza kuhusu kusimama ufukweni, daktari alimtazama Bernadetha kwanza, kisha akasema anaweza, asiwe peke yake, na akisikia dalili yoyote aache kila kitu akae chini.

Hapa ndipo mnapouliza kwa nini alimwachia. Bernadetha aliogopa huku na huku, aliogopa afie kwenye mawe, na aliogopa amfungie ndani afie kwenye kochi akiwa amemnunia. Akampa sharti moja, kwamba dalili ya kwanza tu, ataiachia fimbo ya kuvulia, hata kama samaki ameshika. Eliakim akakubali upesi mno, na Bernadetha hakumwamini. Anataka isemwe hivyo hivyo, hakumwamini, alikuwa anamjua.

Tarehe 5 Oktoba 2024, asubuhi, walikuwa kwenye mawe ya ufuko ule wa Massachusetts, Eric akiwasubiri garini, Bernadetha amevaa makoti mawili, dawa ya mumewe mkononi, macho yote usoni kwake, bahari yenyewe hakuiangalia. Ndege walishuka, maji yakachemka karibu kabisa, Eliakim akarusha, na fimbo ikapinda, baada ya miaka kumi. Mshipi ulikuwa unakwenda kwa kasi ya kutisha pale Bernadetha alipoona bega la kushoto linashuka na jasho linamtoka mtu kwenye baridi ile, akajua, na akaona kuwa naye Eliakim amejua. Eliakim alisimama hivyo na samaki wake kwa muda ambao mkewe hataki kuuzungumzia, kisha akageuka, akamnyooshea fimbo, akasema, "Mama Noela, shika wewe. Mimi nakaa." Na akakaa.

Bernadetha hakujua ashike kipi. Aliibana fimbo kwapani, akampa dawa, akamshika mapigo, samaki anavuta huku, yeye anahesabu huku. Maumivu yalipolegea, Eliakim akaanza kumwelekeza kwa sauti ya chini, mwache aende, sasa zungusha, mwache, mpaka samaki akafika kwenye mawe, kilo nne hivi, mgongo una mistari. Eliakim hakumgusa. Alimwambia tu amtupe majini, kichwa kitangulie, ili apate hewa, Bernadetha akamtupa, akakaa chini kando ya mumewe akalia kwa hasira, na Eric akawapeleka hospitali. Basi iandikwe sawasawa, marehemu hakuwahi kumpata sehewa kutoka ufukweni, aliyempata ni mkewe, na tangu siku ile Eliakim alimsimulia kila mgeni aliyeingia nyumbani kwake, bila wivu hata chembe.

Aliishi mwaka mmoja zaidi. Vuli ya mwaka huu wa 2025 hakuomba kwenda, na hilo lilimtisha Bernadetha kuliko safari zote. Jumanne tarehe 4 Novemba, akiwa peke yake nyumbani Maple Grove, alisikia maumivu, akapiga simu ya dharura, akafungua mlango, akakaa chini kama alivyoahidi, ndipo akampigia mkewe. Alifariki saa kumi na moja jioni, hospitalini, Bernadetha amemshika mkono. Bahari ya karibu ilikuwa mwendo wa siku mbili kwa gari.

Ameacha mama, mjane, watoto wawili, ndugu na wajomba wengi, na atazikwa Wundanyi Jumamosi tarehe 22 Novemba 2025. Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliompa mwaka ule wa ziada, wahudumu wa ambulensi waliomkuta amekaa wakamshika kama baba yao, wenzake wa wodini, majirani wanaoondoa theluji mlangoni kwetu bila kuombwa, kanisa, na Eric, ambaye amekuwa anajilaumu, Eric usijilaumu. Na mwenye kutaka kuuliza tena kwa nini alimwachia, Bernadetha yuko kiti cha mbele, amuulize uso kwa uso.

Eliakim, ndugu yetu, uliambiwa uachie ukaachia, uliambiwa ukae ukakaa. Pumzika kwa amani. Wasiwasi mwachie Bernadetha, yeye ameuzoea.