Kata ya Dereva: Maisha ya Eufrasia Mbuke binti Maganga, 1917–1958

Marehemu Eufrasia Mbuke alizaliwa mwaka 1917, wakati wa palizi, katika kijiji hiki tunamomzika leo, mwendo wa saa mbili kwa miguu kutoka Kolandoto. Alikuwa mtoto wa nne wa mzee Maganga. Jina la Mbuke alirithi kwa bibi yake. La Eufrasia alilipata kwa ubatizo tarehe 3 Aprili 1926, na bibi huyo hakuliweza hata siku moja. Alimwita Yuflasia, na watoto wa jirani wakashika hilohilo, hata padre mwenyewe siku moja likamponyoka kanisani.

Alisoma miaka mitatu katika shule ya misheni. Mwalimu wake aliandika kwamba mtoto huyu ana akili ila anauliza sana. Tabia hiyo haikumtoka.

Tarehe 9 Oktoba 1937 alifunga ndoa ya kanisa na Donatus Valerian, aliyekuwa akijifunza udereva wa malori ya pamba. Mwaka 1941 walihamia Rwamgasa, kwenye machimbo ya dhahabu, na huko Mungu aliwajalia watoto watatu.

Eufrasia alilima, na alipika pombe ya mtama iliyosifika. Wachimbaji walitoka mashimoni wakaenda kwake kwanza, kuoga baadaye. Enzi hizo palikuwa na desturi iliyoitwa kata ya dereva. Kila lori liliposimama kupakia, wenye mizigo walimpa dereva kata moja ya pombe, kibuyu kimoja cha kuchotea, kuwa shukrani. Aliyekataa aliambiwa anaringa. Watu walisema lori halipandi mlima kama dereva ana kiu, wakacheka, na dereva akanywa. Donatus hakuwa mlevi wa kulala njiani. Alikuwa mtu asiyependa kuambiwa anaringa, na hilo lilitosha.

Jumamosi tarehe 21 Julai 1951 Donatus alipakia pamba mahali patatu, akapewa kata mahali patatu. Alipita nyumbani kumchukua mkewe, aliyekuwa anakwenda Geita kumwona dada yake aliyejifungua. Eufrasia naye akampa kata yake, kisha akaongeza ya pili. Kwenye daraja la mto mdogo, maili sita kutoka Rwamgasa, lori liliacha njia likapinduka. Bujiku, mchimbaji aliyekaa juu ya magunia, aliangukiwa na mzigo akafa palepale. Alikuwa na umri wa miaka ishirini na tisa, ana mke, Paskalina, na watoto wawili. Eufrasia alivunjika nyonga. Dereva alichubuka kiwiko.

Abiria walikuwa hao wawili tu, na mmoja amekufa. Basi kesi ilibaki kinywani mwa Eufrasia. Wiki moja kabla ya siku ya mahakama, mzee Mageni, baba mkubwa wa Donatus, alimwendea kitandani.

"Mwangaluka, Mama Ignas."

"Mwangaluka, baba. Shikamoo."

"Marahaba. Mwanangu, sisi tumeshakaa. Utasema ng'ombe alikatiza barabara. Ng'ombe hafungwi."

"Ng'ombe wa nani, baba?"

"Ng'ombe tu."

"Katika nchi hii ng'ombe asiye na mwenyewe sijamwona. Nikishamtaja, Bwana Shauri atataka mchungaji wake."

Mzee Mageni alikuwa na mifugo mingi kuliko wote waliochunga karibu na daraja lile. Aliaga bila kunywa maji.

Kesi ilisikilizwa Jumanne tarehe 11 Septemba 1951. Eufrasia alibebwa kwa machela. Hakimu, yule Bwana Shauri, alimweleza kupitia karani mkalimani kwamba mke wa ndoa ya kanisa halazimishwi kutoa ushahidi juu ya mumewe. Akitaka, anyamaze arudi nyumbani. Mlango uliachwa wazi kabisa. Akinyamaza, mume anarudi kulisha watoto, na Bujiku anabaki mtu aliyekufa bahati mbaya. Eufrasia alisema atasema.

"Alikuwa amelewa?"

"Alikuwa amelewa."

"Nani alimpa pombe?"

"Wengi. Wa mwisho ni mimi. Nilimwona macho yamelegea, nikamwongeza kata ya pili."

Karani alisita, akamwambia kwa Kisukuma afikirie vizuri. Eufrasia akayarudia maneno yale kwa Kiswahili, polepole, kwa sababu hakimu alikuwa akikijua kidogo.

Donatus alihukumiwa kifungo cha miaka mitatu na kazi ngumu kwa kusababisha kifo akiendesha gari huku amelewa. Leseni yake ilifutwa, na akakatazwa kushika usukani maisha yake yote. Eufrasia hakushtakiwa. Adhabu yake ilitoka kwa ndugu, waliomwita mke aliyemfunga mumewe na kuacha kumwamkia kisimani.

Hakupika pombe tena. Masika yaliyofuata, akitembelea fimbo, alikwenda na jembe shambani kwa Paskalina, mjane wa Bujiku.

"Dada, shamba langu si kitubio chako," Paskalina alimwambia.

"Najua. Lakini magugu hayajui."

Alipalilia siku nne bila kusemeshwa. Siku ya tano aliletewa uji. Misimu sita walilima pamoja, wakigombana juu ya mbegu kama ndugu wa tumbo moja.

Mumewe alitoka kifungoni mwaka 1954. Alimkuta amemwekea maji ya kuoga. Naye hakuwahi kumuuliza kwa nini alisema. Alikuwa na miaka mitatu ya kulijibu swali hilo mwenyewe, akipasua mawe.

Mwezi Juni mwaka huu Eufrasia alishikwa na uvimbe wa tumbo. Alipelekwa hospitali ya Kolandoto, na aliyempikia na kumwogesha wiki zote saba alikuwa Paskalina. Alifariki Alhamisi tarehe 14 Agosti 1958, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka arobaini na mmoja.

Ameacha mume, Donatus, watoto watatu, Ignas, Klara na Philomena, wajukuu wawili, na Paskalina pamoja na watoto wake, ambao aliagiza watajwe humu.

Wasifu huu umeandikwa na mumewe, na ndiye anayeusoma. Jana mzee Mageni alimwomba aruke habari za lori, kwa kuwa marehemu hasemwi vibaya. Marehemu hajasemwa vibaya hapa. Aliyekuwa amelewa ni mimi.

Mungu ampumzishe Eufrasia kwa amani.