Ombi Lililopelekwa kwa Marehemu

Kwenye treni, muuguzi aliyeketi mbele yangu alikuwa amegundua kwamba abiria aliyekaa kando yake ndiye fundi aliyehamishia fomu za hospitali yao mtandaoni.

"Nimeomba ruhusa nikamuuguze mama, kapasuliwa juzi. Mfumo wako umepeleka ombi kwa matroni. Matroni tulimzika mwezi uliopita!"

"Dada, hata karatasi ilipitia kwake."

"Karatasi ningeibeba mwenyewe kwa naibu wake, akasaini hapo hapo koridoni. Hii nitaibebaje?"

Fundi alisema jina la matroni linabadilishika mfumoni, mradi hospitali itume ombi lenye idhini.

"Idhini ya nani?"

"Ya matroni," alijibu polepole.

Tulicheka sote, isipokuwa muuguzi. Treni iliposimama alinyanyua begi lake.

"Nashuka kwa mama. Mfumo wako ukiniulizia, uambie nimekwenda bila ruhusa."