Mama Ndala na Ufunguo wa Kabati la Viatu

Ndugu, jamaa na majirani mliofika, mimi mama yake mzazi ndiye ninayesimulia habari za marehemu, kwa kuwa nilimjua kabla yenu wote, na mnivumilie, maana leo machozi sina, nina hasira.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1971, chumba cha nyuma nyumbani kwangu, mvua ikivuja juu ya kitanda, akalia mpaka mkunga akaniambia, "Huyu hanyamazishwi na mtu, utakoma," na kweli nilikoma.

Alianza shule mwaka 1979, akamaliza darasa la saba mwaka 1985, hodari wa hesabu na wa kujibizana, akirudishwa nyumbani kila mara kwa ajili ya mdomo wake. Mwaka 1990 aliajiriwa kufua mashuka hospitalini. Tarehe 6 Agosti 1992 alifunga ndoa na dereva wa lori, mtu mpole aliyetangulia mwaka 2004, wakajaliwa watoto wawili, mwashi na mdogo wake wa kike fundi cherehani, wote mnawaona hapa.

Mwashi huyu, ambaye asubuhi mmempa mkono wa pole bila kujifuta baadaye, mwaka 2008 alikuwa anavuta unga, aliuza hata sufuria yangu ikiwa na mboga ndani, mama yake akampeleka kwenye nyumba ya kurekebisha waraibu, na kijana alipopata nafuu, mama hakurudi kwenye mashuka, alibaki hukohuko kuwa mlezi.

Mnaoisema ile nyumba hamjaingia ndani. Mtu akifika anavua viatu, anapewa ndala, kwa sababu arosto, yale maumivu ya kukosa unga, ikimpanda atataka kukimbia, na kwa ndala hafiki mbali, viatu vyake vinafungiwa kabatini mpaka siku ya kutoka. Mwanangu ndiye aliyeshika ufunguo, ameuning'iniza shingoni kwa kamba, na kila Jumamosi alivitoa vyote akavipiga brashi, vilivyochanika akavishona, na mtu akimlilia, "Mama Ndala, nipe raba zangu, nafika dukani tu narudi," alimjibu bila kuinua kichwa, "Zinakungoja, baba, mwenye haraka ni arosto, siyo wewe." Alifuta matapishi, alishika vichwa vya watoto wa watu wakitetemeka, na akirudi huku, nyinyi mlimwita Mama Mateja, mkaanua nguo zenu kambani akipita.

Mwezi Novemba 2023 alianza kuvimba miguu, madaktari wakasema moyo umetanuka, na siku alipoanguka njiani, jirani mwenye gari alisema hana mafuta, wakambeba waraibu wale wale, kwa ndala zao, mpaka hospitali. Alifariki Jumatatu tarehe 3 Juni 2024, mchana, mkono wake ukiwa mkononi mwangu.

Leo waraibu hao wamekuja kumzika, na wewe shemeji yangu, baba yake mdogo, umewafungia geti, ukasema, "Msibani na ndala? Hawana adabu hawa, halafu simu za watu zitapotea." Shemeji, wamekuja na ndala kwa sababu ufunguo ulikuwa shingoni mwa maiti. Kufuli la kabati lile hata mimi bibi kizee ningeling'oa kwa kijiko, na hao mnaowaita wezi, tangu Jumatatu hakuna aliyeligusa. Waliomvisha wamenikabidhi ufunguo, huu hapa, utazameni.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliompigania, wafanyakazi wenzake walioshika zamu zake, na majirani wawili waliokuja kunipikia, wanajijua, wengine nitawashukuru siku mtakayostahili.

Sasa shemeji, fungua geti. Jeneza hili halinyanyuliwi mpaka waingie, watabeba wao, kwa ndala zao hizo hizo, maana ndio wanaoujua uzito wake, na anayeogopea simu yake aishike mkononi.

Nawe mwanangu, lala sasa, pumzika, hasira niachie mimi. Ufunguo ninao, na Jumamosi viatu vitapigwa brashi.