Dakika Mbili za Kishindo

Marehemu, ambaye wengi mlimjua kwa jina la Kishindo, alizaliwa tarehe 14 Machi 1971 katika chumba kilichopakana na karakana ya baba yake, fundi seremala. Alikuwa mtoto wa tatu kati ya watano. Mama yake husimulia kwamba hakusinzia mpaka asikie msumeno. Jumapili karakana ikifungwa, nyumba nzima ilikiona cha moto.

Alisoma shule ya msingi kuanzia 1978 hadi 1984, kisha sekondari hadi 1988. Alifukuzwa kwaya kwa kupiga dawati badala ya kuimba. "Wewe huna sauti, una kelele," mwalimu alimwambia. Alifurahi kama aliyepewa cheti.

Kuanzia 1994 alipanda jukwaani na randa, msumeno na kiti, akiifanya kelele kuwa muziki wake. Alikifunga kiti maikrofoni ndogo, akakikalia, akakikata miguu mpaka kikaanguka naye, na ukumbi mzima ukatetemeka. Baba yake alihudhuria mara moja tu. "Mwanangu, kiti hicho ningekiuza," alisema. Kesho yake alianza kumtengenezea vingine. Waliomcheka marehemu hawakukosekana, ila kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji.

Alifunga ndoa tarehe 22 Agosti 1998 na muuguzi aliyemfunga kidole alichojikata jukwaani. Walijaliwa mabinti wawili. Mkewe ndiye aliyegonga kengele ya kumaliza kila onyesho, na sharti la Kishindo lilikuwa moja: kabla ya kengele asiguswe, hata akilala sakafuni kimya.

Mwaka 2021 aligundulika kuwa na ugonjwa wa moyo. Daktari alimkataza jukwaa, yeye akakataa katakata. Februari mwaka huu alianguka na kiti, mkewe akaogopa, akagonga kengele mapema na kumkimbilia. Kumbe alikuwa mzima.

"Umeniaibisha mbele za watu," alimwambia.

"Na siku ukianguka kweli?"

"Hesabu dakika mbili. Nisipoinuka, njoo."

Mkewe aliahidi, roho ikiwa juujuu.

Jumamosi, tarehe 8 Juni 2024, saa kumi na moja jioni, kiti kilianguka. Watu walipiga makofi. Mkewe alisimama kando ya jukwaa, macho kwenye saa, mkono kwenye kengele. Ilipofika dakika moja na sekunde arobaini alishindwa, akakimbia. Kishindo alikuwa ameshakata roho.

Tangu Jumatatu watu wananong'ona kwamba mkewe alimwacha afe. Daktari ameieleza familia kuwa moyo ulisimama kabla hajafika sakafuni; hakuna mkono ambao ungemuwahi. Kauli hiyo ya daktari imechapwa hapa ili anayetaka kusema asome kwanza. Aliyeanza mnong'ono huo, jikoni, mjane akisikia, ni dada mkubwa wa marehemu, huyu anayewasomea. Wifi, anaomba msamaha mbele ya kaburi hili.

Ameacha mama, ndugu wanne, mabinti wawili, na mke asiye na hatia.

Apumzike kwa amani, na mkewe tumrudishie ya kwake.